Nyonga Saizi Arobaini na Sita

Lindi, Kibera
3 Aprili 2025

Mama Gichuru,

Nakuandikia kwa kalamu kama tulivyozoea wodini. Simu yako hata nikipiga mara kumi utaiweka sikioni, useme "eee, eee," na hutakuwa umesikia neno. Makau anayeleta mkate huku Lindi kila asubuhi amekubali kutubebea barua. Alhamisi huwa anafika hadi kwenu Kawangware.

Ukiniona leo utanicheka. Wiki sita kamili tangu wanipasue, na bado natembea kwa magongo. Mtu wa mazoezi alisema mguu wa kushoto uguse chini kwa vidole tu, nisiukanyage mpaka wapige picha nyingine. Choo chetu kiko nyumba nane kutoka mlangoni kwangu. Majirani wote wameshajua saa zangu, wanaondoa mitungi njiani wakinisikia naja.

Wewe nasikia unatembea. Mhudumu wa kliniki aliniambia, "Yule rafiki yako asiyesikia alikuja hapa na fimbo moja." Fimbo moja! Mama Gichuru, tulianguka wiki moja, mimi kwenye maji ya mferejini, wewe kwenye ngazi za ploti yenu ya nyumba za kupangisha. Tulivunjika mfupa mmoja, tukalala vitanda vinavyofuatana, kumi na moja na kumi na mbili, na daktari wetu ni huyo huyo Kagiri. Sasa wewe walikufanyia nini? Mimi niko na skrubu tatu ndani. Kidonda changu ni kirefu kama kidole. Chako je?

Binti yangu Adhis amepata kazi, Mungu ashukuriwe. Anapika kwenye hoteli moja Industrial Area. Anatoka asubuhi, anarudi jioni amechoka. Angalau nyumba hii ina miguu miwili inayofanya kazi, hata kama si yangu.

Jibu upesi. Nimechoka kuongea na ukuta wa mabati.

Wako wa kitanda cha kumi na moja,
Seline Aluoch


Kawangware
10 Aprili 2025

Mpendwa Mama Adhis,

Bwana asifiwe. Nilisoma barua yako mara mbili, ya kwanza nikiwa nimesimama langoni. Ndiyo, nimesimama. Siku hizi naenda kanisani kwa miguu, pole pole, na jana nilipanda ngazi zile zile zilizoniangusha. Nilishika ukuta nikazitukana kwa Kikuyu.

Mimi hawakuniwekea skrubu. Unakumbuka Daktari Kagiri alivyonichorea kwenye daftari, kwa vile sisikii? Alichora mpira ndani ya kikombe. Mpira ni kichwa cha mfupa wa paja, kikombe ni nyonga. Akaandika kwamba shingo ya mfupa ikivunjika na vipande vikaachana, damu haifiki tena kwenye mpira. Kijana wanaweza kumwekea skrubu wakangoja uunge. Lakini kwa watu wa miaka yetu, wewe sabini na moja, mimi sabini na nne, mpira unaweza kufa hata ukishikiliwa namna gani. Kwa hiyo wanautoa, wanaweka wa chuma. Upasuaji wenyewe ni mkubwa zaidi na damu inamwagika zaidi, lakini unaukanyaga mguu siku ya pili. Kidonda changu ni shubiri nzima.

Nadhani wako haukuachana, ndiyo maana skrubu zilitosha. Ulikuwa na bahati kuliko mimi. Vumilia tu.

Nakushukuru pia kwa Adhis. Tangu Gichuru ampe kile kibanda mbele ya ploti, sijakosa chai ya saa nne. Chapati zake ni laini, na anaandika kwa herufi kubwa ili nisome bila miwani. Gichuru aliniambia ameona amsaidie kwa sababu ya urafiki wetu wa wodini. Mwanangu ni mgumu, unamjua, lakini hapo alinifurahisha.

Ubarikiwe,
Angeline Wakarima (Mama Gichuru)


Lindi
17 Aprili 2025

Mama Gichuru,

Kibanda kipi?

Nilisoma hapo nikadhani umechanganya watu. Adhis ananiambia Industrial Area. Ananiambia hata jina la msimamizi wake na jinsi anavyofoka. Jioni alipofika nikamuuliza, "Chapati za Kawangware ziliisha?" Akaacha sufuria ikaanguka.

Alisema aliona haya. Alisema hakutaka nifikirie alienda kuombaomba kwa watu tuliolala nao hospitali. Nimekubali, lakini Mama Gichuru, nimeshtuka. Mtoto wangu hajawahi kunidanganya kitu kirefu hivyo, chenye majina ya watu.

Basi mshukuru Gichuru. Na wewe pia ahsante. Mguu unauma kidogo usiku. Wanasema ni mfupa unaunga.

Seline


Lindi
5 Juni 2025

Mama Gichuru,

Keti kwanza.

Yale maumivu hayakuwa ya kuunga. Mwezi wa tano uliisha nikiwa siwezi kugeuka kitandani. Jumatatu nilibebwa hadi kliniki. Kagiri hakuwepo, nilikuta daktari mwanamke, msichana mdogo anaitwa Njambi. Akaning'iniza picha kwenye taa. Hata mimi nisiyejua kusoma picha niliona. Skrubu zimerudi nyuma, moja imechomoza kama msumari kwenye kiatu. Ule mpira ulionieleza umebonyea kama chungwa lililokaliwa. Akapima miguu. Wa kushoto umekuwa mfupi kwa vidole viwili.

Akasema, "Mama, kichwa cha mfupa kimekufa." Kisha akafungua faili, akasoma, akarudi nyuma ukurasa, akasoma tena. Akaniuliza, "Kwa nini mlikataa kubadilishiwa nyonga?"

Nikamwambia, "Nani alikataa?"

Akanigeuzia faili. Imeandikwa vipande vimeachana, mgonjwa abadilishiwe nyonga, aingie thieta kupasuliwa Jumanne tarehe kumi na nane Februari. Hiyo Jumanne naikumbuka. Nililala na njaa tangu usiku, nimevishwa gauni la kijani, halafu muuguzi akaja akasema thieta imejaa, nile uji. Alhamisi ndiyo wakanipeleka. Chini ya hapo kuna maandishi mengine: familia imeomba skrubu. Na sahihi. Mama Gichuru, ni sahihi ya Adhis. Ile A yake yenye mkia.

Mimi nilikuwa na akili zangu zote. Nilikuwa nasoma, naandika, nakuchekesha. Hakuna aliyeniuliza.

Nyumbani nilimuuliza Adhis mara moja tu. Alisema, "Mathe, niliogopa," akatoka. Hajarudi tangu Jumatatu.

Siku ile ndiyo ulipelekwa thieta wewe. Wewe macho yako hayapitwi na kitu. Ulimwona nani akiongea na mtoto wangu?

Daktari anasema lazima wanipasue tena. Wazitoe skrubu, waweke chuma kama chako. Anasema mara ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza.

Seline


Kawangware
12 Juni 2025

Mama Adhis,

Utanisamehe mwandiko.

Nilimwona Gichuru. Jumatatu ile, kabla ya Jumanne, alisimama na Adhis kwenye korido, karibu na dirisha. Nilidhani wanasalimiana.

Leo asubuhi nilimwita, nikamwekea karatasi na kalamu mezani. Akasema tuongee tu. Nikamwambia, "Andika. Sitaki kusikia nusu." Nilimuuliza kwa mdomo, akajibu kwa kalamu. Maswali yangu nimeyaongeza mwenyewe ili uelewe. Karatasi ni hii, nimeichana ilivyo:

*Ile Jumanne ilikuwa zamu ya nani?*
Ya Mama Adhis.

*Hicho chuma kilikuwa cha nani?*
Cha hospitali. Kilikuwa kimebaki kimoja tu, saizi 46. Nyinyi wote wawili ni 46. Vingine vilikuwa vinakuja baada ya wiki mbili.

*Nani aliamua kiwe changu?*
Kagiri alisema orodha ni orodha. Nikamuuliza, na kama ile familia ingine ikubali skrubu? Akasema wakikubali wenyewe na waandike, sawa.

*Ulimwambia nini Adhis?*
Kwamba operesheni ni zile zile, tofauti ni vyuma tu. Na kwamba mzee akilala wiki mbili bila kupasuliwa anaweza kufa. Hiyo si uongo Mum, hata daktari alisema.

*Na kibanda?*
Alikuwa ameniambia hana kazi.

*Nimekuuliza kibanda.*
Eee. Nilimwambia nitampa kibanda.

Nilikuandikia kwamba ulikuwa na bahati kuliko mimi. Nilikuandikia nimepanda ngazi. Nilikuwa nimezipanda kwa mguu wako.

Sikujua. Naapa mbele za Mungu sikujua.

Angeline


Lindi
13 Juni 2025

Angeline,

Nimeisoma karatasi ya mwanao. Nimeisoma nikiwa nimesimama kwa magongo kwa sababu nilishindwa kukaa, halafu nikashindwa kusimama.

Kwa hiyo chapati ulizokula tangu mwezi wa tatu ni nyonga yangu.

Usiniandikie tena.

S. Aluoch


Olympic, Kibera
22 Juni 2025

Mathe,

Niko kwa Wakesho, tulisoma naye. Nampa Makau hii barua kwa sababu nilikuja mlangoni mara mbili nikakusikia ukikohoa nikarudi. Sitaandika Sheng, najua hupendi.

Gichuru alinipata nje ya wodi nikilia. Nilikuwa nimesikia wale wauguzi wakisema kitanda cha tisa amekufa kwa damu kuganda kwenye mapafu, alikuwa amengoja thieta siku kumi na saba. Nikafikiria ni wewe unafuata. Gichuru akasema akina mama wote wawili wanaweza kupasuliwa wiki hiyo hiyo, wewe Alhamisi, mama yake Jumanne, mradi wewe upigwe skrubu. Nikamuuliza Kagiri kama skrubu zinafanya kazi. Alikuwa anatembea, akasema, "Zinafanya, kwa wengine." Hiyo "kwa wengine" niliisikia, Mathe. Niliisikia kabisa.

Halafu Gichuru akataja kibanda. Nilikuwa nimekaa mwaka na nusu bila kazi, unanilisha kwa pesa za samaki wako wa omena, na sasa umelala hapo huwezi hata kuuza. Nilitia sahihi juu ya kabati la dawa kwa sababu hakukuwa na meza.

Nimejiuliza kila siku. Kama angeniambia hayo yote bila kibanda, ningekubali? Sijui. Ningetaka kukuambia ndiyo, nilikuwa nakuokoa tu. Lakini ukweli ni kwamba kama moyo wangu ungekuwa safi ningekuja kitandani nikuulize. Kitanda chako kilikuwa hatua sita kutoka kwa hilo kabati. Sikuja kwa sababu nilijua utasema hapana.

Kibanda nimefunga. Ufunguo nimempa Mama Gichuru. Aliupokea bila kuniangalia, kisha akanishika mkono akakataa kuuachilia, tukasimama hivyo kwa barabara watu wakipita.

Sitakuomba msamaha kwa barua.

Adhis


Kawangware
10 Julai 2025

Mama Adhis,

Uliniambia nisiandike. Nimekaa wiki nne. Naandika mara hii moja, ukiichoma ni sawa.

Nilikwenda hospitali na Gichuru. Nilimuuliza Daktari Kagiri kwa nini hakumuuliza mgonjwa mwenyewe, mwanamke mwenye akili timamu anayesoma na kuandika. Akachukua kalamu akaandika, "Nilidhani binti ameshazungumza naye." Niliipeleka karatasi hiyo kwa mkubwa wa hospitali na nikaandika malalamiko kwa jina langu. Ukitaka kuandika yako, iko njia.

Chuma chako cha sasa Gichuru atakinunua. Usikiite msaada. Anarudisha.

Tuliporudi nyumbani, nikamuuliza kama anajuta. Akaandika: "Pole kwa Mama Adhis. Lakini Mum ningefanya tena. Wewe ndiye mama yangu." Nilimchapa kofi. Ana miaka arobaini na nane, na watoto wake walikuwa mlangoni. Hakuinua hata mkono.

Kisha nikaingia chumbani nikashtuka kuliko siku ile ya kwanza, na hili ndilo lililonifanya nikuandikie. Nilijiuliza: ile Jumatatu, kama angekuja kitandani kwangu akaandika kwenye daftari, "Mama, kiko kimoja, ni cha Seline, nikutafutie?" mimi ningeandika nini? Wewe ulikuwa umelala mkono mmoja kutoka kwangu. Tulikuwa tumegawana chungwa mchana huo. Nimetafuta jibu zuri la kukupa. Nimepiga magoti nikalitafuta. Nikikumbuka maumivu yale, jinsi nilivyowapigia kelele wakinigeuza, silipati.

Nimekuambia kwamba naapa sikujua. Hiyo ni kweli. Lakini sasa naona kutojua kulinisaidia sana.

Sikuombi uendelee kuwa rafiki yangu. Naomba tu ukubali kupasuliwa kabla mguu haujazidi.

Angeline Wakarima


Wodi ya wanawake
14 Agosti 2025

Mama Gichuru,

Niko hai. Muuguzi amenipa karatasi ya nyuma ya chati, usishangae mistari.

Walinipasua tarehe tano. Kabla ya hapo nilimwambia Daktari Njambi sitatia sahihi mpaka anichoree, kama Kagiri alivyokuchorea wewe. Akavuta kiti. Akachora skrubu, akachora mpira uliokufa, akachora chuma. Akaniambia nikibaki hivi sitatembea tena na maumivu hayataisha. Akaniambia wakifungua mara ya pili kuna makovu ndani, damu itatoka nyingi, na moyo wangu unaweza kushindwa mezani. Nikamuuliza, kama tungefanya hivi tangu Februari? Hakuzunguka. Akasema, "Mama, kwa mvunjiko kama wako, wengi wanaobadilishiwa tangu mwanzo hawarudi thieta. Wa skrubu wengi wanarudi." Nililia kidogo. Halafu nikatia sahihi yangu mwenyewe, Seline Aluoch Obonyo, majina yote matatu.

Ilichukua saa nne. Walinipa chupa tatu za damu. Siku ya kwanza sikujua niko wapi, nilikuwa naita kitanda cha kumi na mbili. Muuguzi anasema nilikuwa nakuuliza kama umekula.

Sasa nikujibu. Nimeisoma barua yako ya Julai mara nyingi, nimekuja nayo hapa. Ulitafuta jibu zuri hukulipata. Mimi nilijaribu kutafuta la kwangu. Kama ningekuwa na mwana mwenye ploti, akaja kuniambia kiko kimoja, ni cha yule mama asiyesikia, nikutafutie? Mama Gichuru, ningekichukua. Ningekichukua, halafu ningekugawia chungwa.

Lakini usifikiri nikisema hivyo tumetoshana. Wewe ulipasuliwa mara moja, mimi mara mbili. Mguu wangu bado ni mfupi kwa kidole kimoja, na Njambi anasema utabaki hivyo. Sijui kama nitarudi kuketi sokoni Silanga na omena zangu. Siku zingine nikikuwaza nina hasira mpaka meno yananiuma, na siku zingine nakukosa. Zote mbili ni kweli, na sina nguvu ya kuchagua. Malalamiko yangu nimeandika pia. Ukija kunitembelea, njoo, ila usimlete Gichuru. Yeye bado.

Adhis alikuja siku ya pili. Alisimama mlangoni mwa wodi saa nzima ya kutembelea wagonjwa, na mfuko wa nguo safi mkononi, hakuingia. Kesho yake hivyo hivyo. Wagonjwa wakaanza kuniuliza yule ni nani.

Jana mtu wa mazoezi alikuja kunisimamisha. Akasema anahitaji mtu wa upande wa kushoto, na muuguzi alikuwa mmoja tu, ana shughuli. Akatazama mlangoni akaita, "Wewe dada, njoo ushike." Adhis akaniangalia. Wodi nzima ikaniangalia. Nikatoa mkono wa kushoto.

Akaja. Amekonda. Akapitisha mkono kiunoni kwangu, nikamwekea wangu begani, nikainuka. Mguu ulishika, Mama Gichuru. Uliuma kama moto lakini ulishika. Nilipiga hatua ya kwanza, ya pili, nikasikia anatetemeka kuliko mimi, na machozi yake yananidondokea mkononi. Alikuwa ananong'ona, "Mathe, Mathe."

Sikumwambia nimemsamehe. Nilimwambia ashike vizuri, tufike dirishani.

Seline